Bi Rahila na Ile Kete Nyeupe

Pale Ibra, Oman, kina mama waliokuwa wakicheza keram walikuwa na msemo wao: "Rahila kasema imegusa, basi imegusa." Nani aliuanza, hakuna aliyekumbuka. Msemo ulitoka ukumbini ukaingia majumbani, hata wasioujua ubao wa keram wakawa wanautumia. Watu wakibishana juu ya nyama, imeiva haijaiva, utamsikia mmoja anasema, "Hebu mwiteni Rahila."

Mwenyewe Bi Rahila akisikia hivyo akicheka na kugeuza uso. Lakini ndani ya moyo wake akifurahi, kwa sababu lile jicho ndilo lililomlisha. Alizaliwa Unguja mjini, mtaa wa Vikokotoni. Akaja Oman mwaka sabini na tatu, bibi arusi wa miaka ishirini na tano, mumewe Sleyum akiwa dereva wa serikali. Mwaka wa pili yake akapelekwa Maskati kufundishwa kutazama damu kwa darubini. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na minne, alikaa katika chumba kidogo cha kituo cha afya, jicho la kulia limeinamia kioo, akitafuta vidudu vya malaria ambavyo ukubwa wake huwezi kuusema kwa mdomo. Madaktari wa Kihindi na wa Kimisri walikuja, wakaondoka, yeye yupo. Akisema kipo, kipo. Akisema hakipo, mgonjwa akirudishwa nyumbani. Akastaafu mwaka tisini na nane, akapewa saa ya ukutani na shada la maua ya plastiki.

Na keram je? Keram aliijulia kwao. Kaka zake walikuwa na ubao uwani, wa mraba, wenye tundu kila pembe la kutumbukizia kete, na marafiki zao wakija mtoto wa kike hachezi, ila anaweza kukaa na kutazama. Akatazama. Wakawa wakigombana kama nguo imegusa kete wanamgeukia: "Rahila, imegusa?" Alikuwa na miaka tisa.

Kwa hiyo mwaka tisini na nne, klabu ya pale mtaani ilipowapa kina mama ukumbi wa nyuma ya uwanja wa mpira, na kamati yao ikaamua kufanya mashindano ya keram ya wanawake kila mwaka, hapakuwa na mjadala wa nani atakuwa refa. Mwaka wa kwanza walikuja wanawake wanane, wote jamaa wa Unguja na Pemba wanaojuana tangu utotoni. Mwaka wa pili wakaja wa Sur. Wa tatu wakaja wa Al Kamil na wa Nizwa. Ikawa siku tatu nzima katika likizo ya nusu mwaka, mwanamme hakanyagi, madereva wanabaki nje kwenye magari, na ndani ni chupa za kahawa, vitumbua, halwa, udi, na sauti ya kete zinavyogongana juu ya ubao ulionyunyizwa poda.

Kombe lenyewe lilikuwa dogo, mtu angeweza kulitumia kunywea uji. Lakini lilikuwa na sharti lake: atakayelitwaa miaka mitatu mfululizo analichukua moja kwa moja, halirudi tena Ibra. Mwaka tisini na tisa alilitwaa Kaltham wa Nizwa. Mwaka elfu mbili akalitwaa tena Kaltham wa Nizwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kutafuna hiliki anapocheza. Mwaka elfu mbili na moja akafika fainali kwa mara ya tatu, na Ibra nzima ikashika roho mkononi.

Aliyesimama mbele yake kwa upande wa Ibra alikuwa Shukriya.

Huyu Shukriya watu wake walitoka bara. Babake alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga Tabora, na walipohamia Oman mwaka sabini na sita walianza upya kabisa. Sasa yeye na mumewe walikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya Sur. Mwanamke mnene, mwenye kicheko kinachotangulia mlangoni, na Kiswahili chake kimechanganyika na Kiingereza: "Shoga, be siriasi," "Mimi sina taimu." Mabibi wa Kiunguja wakimpenda, lakini wakikaa wenyewe wakisema, "Si mbaya yule, ingawa wa bara." Yeye alijua wanasema. Miaka saba alikuwa akipika, akibeba viti, akileta taa za dukani kwake bure, na bado alijihisi mgeni anayesifiwa kwa kuosha vyombo. Kombe hilo hajawahi kulishika.

Tena lilikuwapo jambo jengine. Mwanawe Shihab, aliyekuwa akifanya kazi benki huko Sur, alikuwa amemposa Taghreed, binti wa mwisho wa Bi Rahila. Milka, yaani kufungwa ndoa, ilipangwa Alhamisi ya pili baada ya Iddi ya Hija. Posa imeshapokelewa, nguo zimeshashonwa.

Ndiyo maana asubuhi ya fainali Bi Rahila alimwendea Buthaina, mwenyekiti wa kamati.

"Buthaina, mimi leo unisamehe. Mimi na Shukriya ni wakwe watarajiwa. Tafuta refa mwengine."

Buthaina alikuwa akipanga vikombe. Hata hakugeuka. "Nimeshamuuliza Kaltham. Kasema akikaa mwengine yeye hachezi, anarudi Nizwa sasa hivi. Na Shukriya nimemuuliza. Kasema, 'Nani mwengine?' Sasa wewe niambie nani mwengine."

Bi Rahila akaenda akakaa kwenye kiti cha refa.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Ubao uliwekwa juu ya meza katikati, na juu yake imening'inizwa taa. Tangu walipoanza, taa ile ilimkera Bi Rahila. Ilikuwa na duara la mwanga pembeni kama mwezi unaotaka mvua. Mara mbili aliomba ipandishwe juu kidogo.

"Mbona ni taa ile ile ya mwaka jana, Bi Rahila," Buthaina alimwambia, akaipandisha hivyo hivyo.

Mchezo wa kwanza akachukua Kaltham. Wa pili akachukua Shukriya, na vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi kwa madereva nje. Ukabaki wa tatu. Wakaenda sawa kwa sawa, bao kwa bao, mpaka likabaki bao moja la kumaliza udhia wote.

Na bao hilo nalo likafika ukingoni. Ubaoni zilibaki kete nne tu: nyeupe moja, ya Shukriya, nyeusi mbili, za Kaltham, na ile nyekundu, ambayo bila ya kuitia hakuna anayeshinda. Kanuni ni kwamba ukiitia nyekundu lazima ufuatishe papo hapo na kete yako, ama sivyo nyekundu inarudi katikati. Zamu ilikuwa ya Shukriya. Nyekundu ilikaa pabaya, imeegemea ukuta. Na nyeupe yake imejificha nyuma ya nyeusi moja karibu na tundu la kulia, njia haina.

Hapo ndipo Bi Rahila alipoona mkono wa abaya ya Shukriya. Ilikuwa abaya mpya, yenye mikono mipana iliyotariziwa. Kwa kuwa kanuni ya klabu inakataza nguo, pete au bangili kugusa kete, Shukriya alikuwa ameikunja mikono na kuibana kwa pini. Pini ya kulia ilikuwa imefunguka. Mkunjo unashuka polepole. Refa ana haki ya kusimamisha mchezo na kusema, "Bana nguo yako." Neno lilimfika Bi Rahila kwenye ulimi. Lakini Shukriya alikuwa ameshainama, kidole kimeshakaa nyuma ya kete kubwa ya kupigia, ukumbi umebana pumzi, na Bi Rahila akajiambia, akishapiga nitamwambia.

Shukriya akapiga. Nyekundu ikatoka ukutani, ikatambaa, ikasita mdomoni mwa tundu, ikatumbukia.

Ukumbi ukalipuka. Watu wakasimama. Ile kete ya kupigia ilikuwa imekwenda kusimama upande wa pili wa ubao, na Shukriya, kwa haraka na furaha, hakungoja arudishiwe. Akanyoosha mkono juu ya ubao akaichukua mwenyewe. Mkono wa nguo ukapita juu ya kete nyeupe.

Bi Rahila akaiona kete inakwenda. Kiasi cha kipande cha ukucha. Lakini iliyokuwa imefichika, sasa imechungulia. Njia ya tundu imefunguka.

"Kosa," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akapiga meza kwa kiganja. "Kosa! Nguo imegusa kete."

Kelele zikakatika kama zilizokatwa kwa mkasi. Shukriya alibaki mkono hewani.

"Kete gani?"

"Nyeupe. Imesogea."

"Rahila, be siriasi. Imesogea wapi?"

"Ilikuwa nyuma ya nyeusi. Sasa siyo."

Shukriya aliitazama kete, akamtazama Bi Rahila. "Wallahi sikugusa," alisema. Kisha akarudia kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Wallahi l-adhim, mimi sikuigusa kete hii."

Mnong'ono ukapita. Mtu kamtaja Mungu. Buthaina akaja mbio, jasho linamtoka, akainama sikioni mwa Bi Rahila. "Mwenzio kaapa. Una hakika?" Kisha, kwa kutafuta pa kutokea, akamgeukia mgeni. "Bi Kaltham, wewe umeona?"

Kaltham akaihamisha hiliki kutoka shavu hili kwenda la pili. "Mimi nilikuwa naitazama nyekundu inaingia. Refa yupo, muulizeni refa."

Wote wakamtazama Bi Rahila. Naye, bila kutaka, akamtazama bintiye Taghreed aliyekaa safu ya tatu. Taghreed alikuwa akitikisa kichwa polepole, kidogo sana, kama anayemkataza mtoto kugusa moto. Angeweza kusema, labda nimekosea. Maneno mawili matatu tu. Ukumbi mzima ungempigia vigelegele.

"Nimeona," alisema. "Kete imekwenda. Nyekundu irudi katikati, na nyeupe moja iliyokwishaingia irudi. Zamu ya Nizwa."

Kaltham hakuharakisha. Alinyunyiza poda, akapuliza vidole, akaitia nyekundu, akaifuatisha na nyeusi, akaitia nyeusi ya mwisho. Aliposhika kombe walipiga makofi watu wake sita tu waliotoka naye Nizwa.

Shukriya alichukua mkoba wake. Alipofika mlangoni akageuka. Hakupaza sauti, lakini hakuna asiyemsikia.

"Rahila, mimi nimemtaja Mungu. Wewe umemtaja nani?"

Akatoka.

Kutoka siku hiyo simu ya nyumbani kwa Bi Rahila ikawa kama pambo. Kawaida ilikuwa haipiti siku mbili Shukriya hajapiga, mara rangi ya mapazia, mara orodha ya wageni. Wiki ikapita. Wiki ya pili ikapita. Sokoni, wanawake waliokuwa wakimwita kwa mbali sasa walionekana wana shughuli nyingi sana na bamia zao. Iddi ikafika. Kila mwaka mume wa Shukriya akiwaletea nyama ya shuwa, iliyookwa shimoni, imefungwa kwenye majani na bado inatoa moshi. Mwaka huo haikuja.

"Mama, hii nyumba imekuwa kama ya matanga," alisema Taghreed. Alikuwa mwalimu huko Wadi Bani Khalid, amekuja kwa likizo ya Iddi. Alikaa kitandani kwa mamake, miguu ameikunja. "Shihab naye hasemi kitu. Mimi nikiuliza, anasema 'ngoja mama atulie.' Milka ni Alhamisi inayokuja, yumma. Sisi tunangoja nini?"

"Tunangoja kheri."

"Wewe umeona kweli?"

"Nimeona."

"Sema wallahi."

Bi Rahila akafungua mdomo. Neno lenyewe alilisema mara ishirini kwa siku, juu ya chumvi, juu ya joto. Sasa lilikataa kutoka. "Mimi siapi kwa ajili ya keram," alisema, akainuka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa na kitu.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, alikwenda kupimwa macho. Leseni yake ya gari ilikuwa inakwisha, na katika fomu kulikuwa na kisanduku cha macho. Hakulifikiria sana. Daktari, Msudani mpole mwenye mvi, akamfunika jicho la kulia, akamwambia asome ukutani. Akasoma herufi zote mpaka mstari wa chini. Akamfunika la kushoto.

Bi Rahila akangoja.

"Soma, mama."

"Bado hujawasha."

"Nimewasha, mama. Ni ukuta ule ule."

Kulikuwa na ukungu, kama kioo cha gari kilichopuliziwa pumzi, na ndani ya ukungu vitu vyeusi vinavyoogelea. Daktari akamulika kwa taa yake ndogo, akatazama muda mrefu. Akasema ni mtoto wa jicho, amekomaa, atatolewa, si operesheni kubwa siku hizi.

"Kaanza lini?" aliuliza Bi Rahila.

"Huyu si wa mwezi mmoja. Mwaka, pengine zaidi. La kushoto lilikuwa likikusaidia ndiyo maana hukujua. Hukuwa unaona taa zina duara?"

Alikwenda akakaa kwenye gari, funguo mkononi, asiweze kuliwasha. Jua la saa nne lilikuwa linapiga kioo. Akafunga jicho la kushoto akatazama mtende wa upande wa pili wa barabara: hakuna makuti, ni moshi wa kijani tu. Akafunga la kulia: makuti yote yapo, hata kamba ya mkwezi. Akarudia, mara nne, mara tano. Ile kete aliiona kwa lipi? Alikaa upande gani wa ubao? Taa ilikuwa wapi? Kadiri alivyoirudisha ile picha, kete ikawa inasogea zaidi, kisha haisogei kabisa, kisha inasogea tena, mpaka hakujua anakumbuka au anatunga. Yakamjia mawazo ya damu aliyoitazama ile miezi ya mwisho ya kazi, akayafukuza kwa nguvu.

Sleyum alipoambiwa, alizima redio.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi iwe mimi tu. Hukumu umeshatoa, khalas. Ukifungua mdomo sasa, Nizwa watasema mnataka kuwanyang'anya kombe, na huyu Shukriya atasema umemtia aibu kwa jicho bovu. Na mtoto wako Alhamisi anaolewa. Kama anaolewa."

"Na mimi nikae na hili?"

"Watu wanakaa na makubwa kuliko hilo."

Bi Rahila hakulala vizuri, na asubuhi alipomaliza kusali alikuwa ameshaamua. Saa tano alimwomba Sleyum ampeleke. Sleyum alimpeleka, akabaki garini.

Lango la Shukriya lilikuwa wazi. Uwani palikuwa na sufuria kubwa juu ya jiko la gesi, harufu ya wali na nyama, na mtumishi anapakua kwenye sahani za plastiki zilizopangwa juu ya mkeka. Shukriya alikuwa amejifunga kanga, mikono wazi mpaka kwenye viwiko, anafunika sahani moja moja. Alipoinua kichwa akamwona Bi Rahila, kifuniko kikamdondoka.

Bi Rahila alizihesabu zile sahani kabla hata ya kutoa salamu. Kumi. Chakula cha maskini kumi: kafara ya mtu aliyeapa.

"Karibu," alisema Shukriya. Sauti yake haikuwa na karibu ndani yake.

Wakakaa sebuleni. Kahawa ikaletwa, tende zikaletwa, hakuna aliyegusa. Bi Rahila akataka kuanza, Shukriya akamtangulia.

"Umeziona sahani."

"Nimeziona."

"Usifurahi. Sisemi kwamba niligusa." Shukriya alikuwa akiizungusha pete kidoleni. "Nguo haina hisi, Rahila. Mimi nitajuaje? Ningesema sikuhisi kitu, ingetosha. Lakini mimi nikasema sikugusa, tena nikamtia Mungu ndani yake, kwa jambo nisilolijua. Kwa sababu ya hasira. Miaka saba nabeba viti pale. Nikasema, leo tu, leo wataniona. Na wewe, wewe wa kwangu, ndiye uliyeninyang'anya."

"Shukriya, nisikilize. Jana nilikwenda kupimwa macho. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho. Daktari anasema mwaka mzima, au zaidi. Mimi nilisema nimeona. Na nilipokuwa nasema, niliona. Lakini leo ukiniuliza, siwezi kukwambia kama kete ilisogea."

Nje, mtumishi alikuwa akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Kwa hivyo umenipokonya kombe kwa jicho bovu."

"Huenda."

"Mbele ya watu wote wale."

"Ndiyo."

Shukriya akasimama. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. "Unajua mimi nimekaaje mwezi huu? Nimeingia dukani mwangu wateja wananitazama. Mwanangu ananiuliza, 'Mama, uliapa kweli?' Mwanangu mwenyewe! Na wewe ulikuwa huoni!" Alipiga kiganja juu ya meza, vikombe vikaruka. "Nenda kawaambie. Wote. Ukumbini, si pembeni."

"Ndivyo nilivyokusudia. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza."

Hilo lilimzuia. Akakaa, nusu ya kiti, kama mtu asiyejua bado kama anakaa au anaondoka.

"Na nilipokwambia wewe umemtaja nani," alisema, "kwa nini hukuapa? Ungeapa ungenimaliza."

"Sijui. Hata Taghreed kaniambia niape. Halikutoka."

Bi Rahila alikuwa na neno moja limebaki, na hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote. "Na watoto, Shukriya? Alhamisi ni siku nne tu kutoka leo. Simu haijalia. Kama mmebadili nia, tuambieni, tusikae tunashona."

"Nani kabadili nia?" Shukriya alishangaa kweli. "Ebo! Nani kakwambia? Mimi nilikuwa naona haya. Mtu aliyeapa vile, anapiga simu anasema nini? 'Mnamaliziaje mapazia?' Nikasema nitoe kafara kwanza, nisafishe ulimi, ndiyo nipige. Leo jioni ningepiga." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Bado nina hasira nawe. Usifikiri."

"Uwe nayo."

"Lakini kunywa kahawa. Imeshapoa hata hiyo."

Wakanywa.

Jumanne Bi Rahila alisimama ukumbini mbele ya kamati na kina mama wa klabu akawaeleza. Buthaina alishika kichwa. Alisema jambo hili liishie humo humo, vyenginevyo mwakani hakuna mji utakaoleta timu Ibra. Bi Rahila akamjibu kwamba Nizwa wana haki ya kujua walipewa nini, na jioni hiyo hiyo akampigia simu Kaltham. Alieleza yote bila kujitetea: jicho, taa, pini ya mkono wa nguo ambayo alipaswa kuisemea mapema na hakuisemea.

Upande wa pili ilisikika hiliki ikitafunwa.

"Bi Rahila," alisema Kaltham mwishowe, "mimi nimecheza mbele yako miaka sita. Umenihukumu kosa mara nne. Tatu nilikosa. Moja sikugusa, nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Sikusema kitu, kwa sababu Rahila kasema imegusa."

"Mwaka gani?"

"Tisini na sita. Nusu fainali."

Tisini na sita Bi Rahila alikuwa bado kazini, jicho lake halina hata vumbi. Maneno ya daktari yalikuwa yamemuumiza, lakini haya yaliingia ndani zaidi, mahali ambapo hakuna operesheni.

"Kombe mimi sitalichukua moja kwa moja," Kaltham aliendelea. "Mwakani nakuja nalo. Wekeni marefa wawili, mmoja kila upande, na mtu akiwa hana hakika aseme hana hakika. Tutarudia pigo. Dunia haitaanguka."

Milka ilifanyika Alhamisi ile ile, kwa nyama zaidi ya iliyotosha, na Shukriya alicheka hadi akakaukiwa sauti; mara moja tu, alipokuwa akimpa Bi Rahila sahani, alisema kwa chini, "Hiyo ni halwa, kama huioni vizuri." Walioketi karibu hawakujua wacheke au watazame pembeni. Bi Rahila akala.

Jicho lilifanyiwa operesheni mwezi wa sita. Alipofunguliwa bandeji alishangaa weupe wa ukuta, na mikunjo ya mikono yake mwenyewe, ambayo hakujua imekuwa mingi hivyo. Kamati ikamwomba arudi. Akakataa. Akasema atawafundisha wengine, na kila Jumatatu baada ya alasiri akakaa na wasichana wawili wa Ibra na mmoja wa Al Kamil mbele ya ubao, akiwafundisha pa kukaa, pa kuweka taa, na namna ya kusema kwa sauti, bila haya, "Sikuona."

Mwaka elfu mbili na mbili Kaltham alilileta kombe kama alivyoahidi, limefungwa kwenye taulo, na wanafunzi wawili wa Bi Rahila wakakaa marefa, mmoja kila upande. Shukriya, alipotolewa nusu fainali na mwalimu wa Sur, mtoto wa juzi, alitukana Kinyamwezi kidogo, akaenda kupanga viti vya fainali.